Mrejesho: waifai imekubali kwenye Linux niliyoijenga mwenyewe

Wakuu nimerudi. Niliuliza mbona waifai haiwaki kwenye Linux From Scratch (Linux unayoijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo) wakati faili la femuwea (programu ndogo inayoendesha kadi ya waifai) lipo kabisa ndani ya /lib/firmware. Aliyesema nichungulie dmesg (ujumbe wa keneli, yaani kiini cha mfumo) kapatia, nimekuta mstari unaoishia na error -2, yaani faili halijaonekana, kumbe draiva ya iwlwifi (ya kadi za waifai za Intel) ilijengwa ndani ya keneli kwa hiyo inaamka mapema mno, root (sehemu ya diski yenye mafaili ya mfumo) bado haijapachikwa, sasa hilo faili italionea wapi? Nimeigeuza kuwa moduli (kipande kinachopakiwa baadaye, nje ya keneli), nikakompaili upya, nikapiga make modules_install kusakinisha moduli, nikaristati, ikashika netiweki hapo hapo. Asanteni sana jamani, nimefurahi mno. Anayetaka draiva ibaki ndani ya keneli ataje faili la femuwea kwenye CONFIG_EXTRA_FIRMWARE, mpangilio wa keneli unaoiingiza femuwea ndani yake.