Mafao ya ulemavu wa muda mrefu Marekani: kodi ikatwe juu kwa juu au mlipwaji aachiwe?

Mleta mada: Wadau, tulijadili hili kwa uzito. Mfanyakazi Marekani akiugua akashindwa kazi, bima ya ulemavu ya kazini humlipa mara nyingi asilimia 60 ya mshahara. Kama ada ya bima ililipwa na mwajiri, au ilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, mafao hayo ni kipato na yanatozwa kodi. Lakini kampuni ya bima hailazimiki kukata kodi ya mapato ya serikali kuu mpaka mgonjwa mwenyewe aombe kwa fomu W-4S.

Chukua mtu asiye na mke wala mume, mshahara dola 4,500 kwa mwezi. Bima inampa 2,700, yaani 32,400 kwa mwaka. Ondoa punguzo la kawaida la 2024, yaani kipato kisichotozwa kodi, dola 14,600, zinabaki 17,800. Kodi yake ni 1,904. Kama hakuna kilichokatwa, Aprili anadaiwa zote kwa mkupuo, zaidi ya theluthi mbili za malipo ya mwezi mzima. Na kwa kuwa deni limevuka 1,000, anaweza kubandikwa adhabu ya kutolipa mapema. Mimi nasema kukata kuwe lazima kuanzia hundi ya kwanza, na asiyetaka ndiye ajaze fomu.

Karani wa mishahara: Naunga mkono. Kinachowapotosha watu ni hundi yenyewe. Makato ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya serikali), asilimia 6.2 na 1.45, hukatwa kwa miezi 6 ya kalenda tu baada ya mwezi wa mwisho mtu aliofanya kazi. Bima nyingi zina siku 180 za kusubiri, kwa hiyo mafao yanapoanza makato hayo yameisha au yanaelekea kuisha. Hundi inakuja nzima, kiasi ghafi na cha mkononi ni kilekile, mtu anaamini haina kodi. Mwaka ukigeuka inafika W-2, fomu ya mapato ya mwaka: kisanduku cha 1, cha kipato kinachotozwa, kina maelfu; cha 2, cha kodi iliyokatwa, kitupu.

Mjaza ritani: Ndugu mleta mada, hesabu yako ni ya mwanzo tu, isogeze mbele. Mikataba hii humtaka mgonjwa aombe mafao ya ulemavu ya Social Security, na akiyapata bima inapunguza malipo yake kwa kiasi hichohicho. Akipewa 1,500, bima inashuka hadi 1,200. Mkononi ni 2,700 zilezile, lakini kodi imebadilika kabisa. Bima kwa mwaka ni 14,400. Jumlisha nusu ya Social Security, 9,000, unapata 23,400, chini ya 25,000, kizingiti cha kuanza kutoza kodi mafao ya Social Security, kwa hiyo hayo hayaguswi. Zile 14,400 zote zinamezwa na punguzo la kawaida. Kodi ni sifuri! Ukimkata asilimia 10 kwa lazima, unamnyang'anya dola 120 kila mwezi mtu wa dawa na pango la nyumba, eti azisubiri mwakani.

W-4S inatosha ikitumwa pamoja na barua ya kuidhinisha mafao. Kwa mfano wako aandike dola 160 kwa mwezi. Fomu inataka dola kamili, zisizopungua 88 kwa anayelipwa kwa mwezi. Social Security ikianza, atume nyingine ya kusitisha. Na akumbuke kuwa fomu hiyo haihusu kodi ya jimbo: wa Texas, isiko na kodi hiyo, hana wasiwasi; wa Minnesota, iliko, anao.

Wakala wa madai: Kuna baya zaidi. Social Security hulipa malimbikizo kwa mkupuo, na bima hudai irudishiwe ilichozidisha. Miezi 14 mara 1,500 ni 21,000. Kama ilikatwa asilimia 10, mgonjwa alishika 18,900 tu, lakini kwa kawaida anadaiwa kiasi ghafi, 21,000. Hizo 2,100 ziko IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Akirudisha mwaka unaofuata, kipato cha mwaka uliopita hakifutwi. Marejesho yakizidi 3,000, kifungu cha 1341 cha sheria ya kodi kinamruhusu kupiga hesabu mara mbili: kutoa kiasi hicho kwenye kipato cha mwaka huu, au kudai kodi aliyozidisha zamani, kisha achukue iliyo nafuu. Yakiwa chini ya hapo, imekula kwake.

Mleta mada: Basi sheria iseme makato yakome siku Social Security inapoidhinishwa. Bado sikubali mgonjwa aachiwe kazi ya kujua jina la fomu.

Karani wa mishahara: Tuangalie pia ada. Uamuzi wa IRS namba 2004-55 unamruhusu mwajiri kuwapa wafanyakazi chaguo, kabla ya mwaka wa mpango wa bima kuanza, ada ihesabiwe kama mshahara na itozwe kodi. Mafao yakija baadaye hayatozwi. Ada ya dola 25 kwa mwezi ni 300 kwa mwaka; kwa mtu anayetozwa kodi ya mapato ya asilimia 12, pamoja na Social Security na Medicare, gharama haifiki dola 60. Linganisha na 1,904. Fungua slipu yako uone ada imekatwa kabla ya kodi au baada.

Mjaza ritani: Hilo sina ubishi nalo, ila chaguo hilo hufungwa mwaka ukishaanza. Aliyeugua Machi hawezi kulibadili, na huyo ndiye tunayebishania hapa.