Tupeane uzoefu: bridal shower ya watu wachache wa karibu, kwako ilikuaje?

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anaolewa, zimebaki wiki 7, na mimi kama dada mkubwa ndo nimeshika jukumu la kuandaa bridal shower yake. Mwenyewe ameomba kitu kidogo, ndugu wa karibu na mashosti zake wa kweli basi. Nimekaa kuandika majina nikajikuta nina watu 47 na bado shangazi anapiga simu anaongeza. Naombeni uzoefu wenu, uliyefanyiwa au uliyeandaa, kilichokugusa na kilichoharibika, msinifiche kitu.

Naanza na yangu. Tulikua 11 tu sebuleni kwa mama mdogo, makochi yamesukumwa ukutani, tumekaa chini kwenye zulia. Hakuna MC wala mapambo ya maana, na kiukweli mwanzoni niliumia roho mana rafiki yangu alikua kafanyiwa yake ukumbini na kila mtu bado anaiongelea. Zawadi zikafika kwa mama, akatoa daftari. Daftari lake la mwaka wa kwanza wa ndoa, jalada limeshikwa na selotepu, humo aliandika kila alichonunua cha nyumba, sabuni, ndoo, kiberiti, alafu pembeni kwa herufi ndogo ndogo kaandika "leo hatujasemeshana", mistari miwili chini "leo kacheka". Ukurasa mmoja una duara la kitako cha kikombe. Akaniambia mwanangu hili hata baba yako hajawahi kulisoma. Tulilia wote. Na mama yangu namjua, kwenye ukumbi wa watu 200 asingethubutu kulitoa daftari lile, angenipa bahasha akarudi kukaa. Ndo mana namuunga mkono mdogo wangu mia kwa mia.

Karibuni.

mama wawili
Dada mkubwa hongera kwa jukumu. Mimi nilifanyiwa sapraizi na nakuomba usithubutu bila kumuuliza mwenyewe. Nilikua natoka zamu ya usiku, sijalala, nywele nimezifumua nusu, viatu vya kazini, nafungua mlango nakuta watu wanapiga kelele na simu zote zimenielekea usoni. Mawifi zangu wapya wamo mle, wawili kati yao ndo tulikua tunaonana kwa mara ya kwanza. Nikaingia bafuni nikajifungia. Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa mwisho, alikua na miaka 14, akagonga taratibu akaingia na kitana na mafuta, akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa akaanza kunisuka bila kuniuliza chochote, huko nje wanasubiri. Nusu saa nzima. Nikikumbuka ile siku picha za sebuleni sizitamani kabisa, nakumbuka vidole vyake kichwani tu. Kwahiyo kama lazima iwe sapraizi basi mficheni mambo ya ndani, michezo, wageni wa mbali, ila tarehe na saa ajue ajiandae kama bibi harusi anavyotakiwa.

kifungua mimba
Kwenye orodha ya wageni sheria ni moja tu, usimwite kwenye shower mtu ambaye kwenye harusi hatapata mwaliko. Utakua unamwambia zawadi yako tunaitaka ila wewe mwenyewe hapana. Labda wafanyakazi wenzake wakiamua wenyewe kumfanyia kakitu ofisini, hiyo haina shida. Hao 47 wapitishe kwenye hilo chujio utaona wanavyopungua. Alafu usiiweke wiki ya harusi, wiki ile bibi harusi anakua hana hata muda wa kula, weka wiki tatu nne kabla.

mpenda vitabu
Mi naongezea kidogo kuhusu zawadi mana watu wanasema siku hizi shower ni tamaa. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni manyunyu, yaani bibi harusi ananyeshewa zawadi. Kuna hadithi inayosimuliwa sana ya Uholanzi, binti alimpenda kijana maskini msaga unga, baba yake akagoma kumpa mali ya kuanzia maisha ambayo kule baba ndo alikua anampa binti yake, basi majirani wakaja mmoja mmoja kila mtu na kitu chake mpaka nyumba ikakamilika. Iwe kweli iwe ngano, mimi naipenda kwa sababu shughuli yenyewe ilianzia kwenye kumsaidia mtu asiye na kitu. Sasa ukimpangia kila mgeni zawadi ya kiwango fulani umeigeuza kichwa chini.

rafiki mkosaji
Hilo la mwisho limenichoma, ngoja niseme langu ambalo sijawahi kuliandika popote. Niliandaa shower ya shosti wetu, tupo saba toka tunasoma. Nikatangaza kwenye grupu nguo za rangi moja kitambaa kimoja, mchango sawa kwa wote, mwisho Ijumaa. Mmoja wetu akawa kimya, nikamkumbusha humohumo kwenye grupu mbele ya wote, mara mbili. Siku ya shughuli akatuma meseji anaumwa. Baada ya miezi ndo nikajua alikua amepoteza kazi muda mrefu na hakuna aliyejua, na yeye ndo alikua rafiki wa kwanza kabisa wa bibi harusi kuliko sisi wote. Kwenye picha tuko sita tumependeza na kitambaa chetu. Nilimfuata kwake kumuomba msamaha akanipokea vizuri ila pengo lile kwenye picha halizibiki. Dada nakuomba, mchango uwe kila mtu na uwezo wake, mambo ya hela yaongelewe inbox mmoja mmoja, na nguo semeni tu rangi, mtu avae alichonacho.

wa pili kwa mama
Mama yetu alifariki mwaka mmoja kabla dada hajaolewa. Dada akasema hataki shower, atakaaje pale mbele bila mama. Tukamwachia, hatukumlazimisha. Baadae mimi na shangazi tukawatafuta marafiki wa mama wa zamani tukawapata wanne, tukamuuliza dada kama anaweza kukaa nao jioni moja tu, bila maputo bila keki, akakubali. Kila mmoja tulimuomba aje na habari moja ya mama alivyokua bibi harusi. Basi kuna mmoja akasimulia kwamba mama asubuhi ya harusi yake alijificha chooni anatetemeka anasema simuwezi huyu mwanaume ni mpole sana nitamuonea. Dada alicheka mpaka akashika ukuta, alikua hajacheka hivyo toka msiba. Alafu akalia, na wale mama wakasogea wakamzunguka, hakuna aliyemwambia nyamaza.

wifi mpya
Mimi za haraka haraka. Michezo, ule wa kumrekodi bwana harusi akijibu maswali alafu bibi harusi anabahatisha majibu ni mzuri sana, wa kwetu aliulizwa mkeo akikasirika anafanyaje akasema anaosha vyombo kwa nguvu, ukumbi mzima, samahani sebule nzima ilianguka. Ila yale maswali ya faragha ya chumbani angalieni nani kakaa, kama mama mkwe yupo msimtie mtoto wa watu aibu. Zawadi, mtu mmoja akae na kalamu, kila boksi likifunguliwa aandike nani kaleta nini palepale, kadi zikishachanganyika hutajua umshukuru nani kwa lipi. Wa mbali waambieni watume video mapema, simu ya moja kwa moja kwetu ilikata mara nne na dada yake akawa analia mtandao ukigoma.

Dada mkubwa (mleta uzi)
Jamani nimesoma zote, ya wa pili kwa mama nimeirudia mara tatu. Jana usiku nimekaa na mdogo wangu nikampa kalamu na ile orodha, nikamwambia kata mwenyewe. Amebakisha 14. Halafu chini kabisa akaongeza jina moja ambalo sikulijua, nikamuuliza huyu nani, akasema ni yule mama jirani aliyekua anamfungulia geti tukichelewa kurudi na yeye hana funguo, darasa la tatu huko. Mama yule walishahama. Leo nimeanza kumtafuta, kuna mtu kanipa namba, inaita ila bado hajapokea.