Kumkamua mteja dakika za mwisho: kunamsaidia au kunamchosha tu?

Kocha wa Ntinda

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Huu mwaka wa nne nafundisha mazoezi hapa Ntinda, Kampala, mteja mmoja mmoja. Nilivyofunzwa, kipindi hakiishi bila "kufunga": dakika tano za mwisho unamkamua mtu kwa bapii (unachuchumaa, unatupa miguu nyuma, unainuka na kuruka), kamba nzito au skwoti za kuruka (kuchuchumaa na kuruka juu) mpaka alale chini. Wateja wenyewe wanaidai. Asipotoka amelowa, anaona hela yake imeliwa.

Jumanne iliyopita nilikuwa na mama wa miaka 47, kazi yake ya kukaa mezani huko mjini. Vyuma alibeba vizuri dakika 40. Nikamfunga kwa bapii za Tabata: sekunde 20 kazi, 10 kupumzika, mara nane. Raundi ya sita magoti yakaanza kuingia ndani kila akitua, na kiuno kinabonyea kila akienda chini. Niliona, na bado nikamhesabia mpaka ya nane. Alhamisi hakuja. Akaniandikia kwamba ngazi za ofisini anazishuka kinyumenyume, ameshika ukuta. Jana Jumamosi hakuja pia. Mtu wa mara tatu kwa wiki, nimemwona mara moja.

Limenikaa rohoni. Niambieni ukweli.

Fundi Vyuma, Jinja

Pole kaka. Usiache kabisa. Wangu nawafunga kwa baiskeli ya ndani, dakika nne, wanaondoka na furaha yao. Ulikosea zoezi tu.

Dada wa Viungo

Kocha, kwanza muulize leo hii rangi ya mkojo wake. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mapaja yamevimba, hayo si maumivu ya kawaida. Misuli imevunjika, vilivyomo vimeingia kwenye damu, na figo zinaweza kuumia. Aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri Jumatatu.

Sasa hiyo Tabata. Izumi Tabata na wenzake kule Japani walichapisha utafiti wao mwaka 1996. Waliopimwa walikuwa vijana wa kiume wanafunzi wa michezo, wengi wao wachezaji wa timu za chuo, na walikuwa juu ya baiskeli isiyotembea. Baiskeli haina kutua. Ukichoka, miguu inapunguza mwendo, basi. Kwenye bapii ukichoka unatua na goti lilelile lililochoka, na misuli isiyozoea kutua ndiyo inayouma siku ya pili na ya tatu.

Na tusiwadanganye wateja kuhusu mafuta. Ni kweli mwili unaendelea kutumia oksijeni zaidi baada ya kazi ngumu, ila nyongeza hiyo ni ndogo. Dakika nne hazimalizi hata chapati ya rolex moja, ile ya kukunjiwa mayai. Anayefaidika ni yule asiye na nafasi ya kukimbia siku nyingine: moyo na pumzi vinapata kazi yao hapohapo. Lakini faida hiyo inajengwa kwa kurudi wiki baada ya wiki. Huyu mama umempa dakika nne ukampoteza vipindi viwili.

Mteja wa Alfajiri, Bukoto

Mimi si kocha, nalipa tu. Kocha wangu wa zamani alikuwa wa bapii, nikawa natafuta visingizio tangu usiku. Wa sasa ananipa majerikeni mawili ya lita 20, yamejazwa maji nusu, nayabeba kuzunguka uwanja dakika tano. Mgongo wima, hakuna kuruka. Nikishindwa kumjibu sentensi nzima anasema weka chini. Jasho linatoka vilevile, na siku hizi maji ya nyumbani nabeba mwenyewe.

Kocha wa Ntinda

Asanteni sana. Dada, nimempigia sasa hivi. Mkojo uko sawa tangu siku ile, uvimbe hakuna, leo kanisani ameshuka ngazi bila kushika. Nimemwambia niliona magoti yake raundi ya sita na sikumsimamisha. Akanyamaza kidogo, akasema Jumanne anakuja. Majerikeni nimeshayapata, nimeyajaza nusu.