Mrejesho: Mume wangu aliyekosa usingizi, Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza juu ya mume wangu, mtandika vitanda hotelini, aliyerudishwa nyumbani bila mshahara Machi 2020, ndege za nje ziliposimamishwa kwa ajili ya korona na watalii Wataliano wakatoweka. Alikuwa halali usiku, hasemi, chakula hakigusi.

Mlisema nimpeleke hospitali. Alikataa: "Nina deni, sina wazimu." Neno hilo liliniuma sana.

Kilichomfungua mdomo ni daftari la madeni yetu ya duka. Usiku mmoja wa kafyu tulihesabu pamoja: shilingi 18,400. Alilia, nami nikalia. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa mshauri nasaha. Mwenye nyumba amekubali nusu kodi. Sasa anatembeza samaki.

Jana alilala hadi alfajiri. Nilikaa macho nikimsikiliza anavyopumua.