Soko huria ndilo lililomfukarisha mkulima wa mahindi Nyanda za Juu?

Mwana Mbozi: Wakuu, juzi msibani Vwawa wazee wamebishana mpaka ugali ukapoa. Kuna anayesema ufukara wetu ulianza na ruksa ya 1986, yaani kufungulia biashara huria, tulipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mimi niko naye. Enzi za bei moja ya serikali nchi nzima, gunia la Sumbawanga lililipwa sawa na la jirani na Dar, na mbolea ilikuwa na ruzuku. Ndiyo maana Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Miaka ya 1990 mwanzoni ruzuku ikakatwa. Aliye mbali na soko akaanza kukatwa nauli ya lori kwenye bei ya mahindi yake.

Wa Tunduma: Mkuu, hiyo bei moja alikuwa anailipa nani? NMC, shirika la serikali la kununua na kusaga nafaka, ilisomba mahindi toka Rukwa kwa hasara, madeni yakarundikana benki. Halafu umesahau foleni. Mwaka 1983 baba alikuwa na hela ya mahindi mfukoni, sabuni hakuna. Tulifulia majivu ya migomba. Huo nao si umaskini?

Mwana Mbozi: Ni umaskini, sibishi. Ila angalia serikali ilitangulia kuondoa nini. Mbolea ilipaa kwanza, barabara za vijijini zikabaki tope lilelile, na mnunuzi wa uhakika hayupo. Wachina toka 1978 walimwachia mkulima auze ziada sokoni huku kiasi alichopangiwa kuiuzia serikali kikiendelea kununuliwa. Warusi wakaachia karibu bei zote Januari 1992 kwa mpigo, akiba za wastaafu zikayeyuka. Soko ni lilelile, namna walivyoliingia ndiyo tofauti. Na kama ruzuku ilikuwa upuuzi, mbona 2022 imerudi, tena ikazinduliwa hapahapa Mbeya, Nane Nane?

Mama Viazi, Isyonje: Kaka zangu, ninyi mnaongelea mahindi tu. Huku Uporoto viazi vimetujengea nyumba za bati, na hakuna serikali iliyokuja kuvinunua. Lori linafika hadi shambani. Kinachonitia umaskini ni lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu, nalipwa la kilo mia. Nikikataa, dalali anahamia shamba la jirani.

Wa Tunduma: Dada, si mkatae wote kijiji kizima?

Mama Viazi, Isyonje: Tulishakataa. Siku ya tatu jirani yangu alikuwa na ada ya mtoto.