Mpini wa bastola unateleza: kwa fundi, au nidonoe mwenyewe nyumbani?

Kutoka: Mjukuu wa Nahodha, Columbus, Ohio

Assalamu alaykum jamaa wote.

Mtaniwia radhi, swali langu leo si la viza wala la kutuma pesa. Tangu mwaka jana nafanya ulinzi wa usiku kwenye maghala, na ni kazi ya kubeba silaha. Nina ukaazi wa kudumu, mafunzo nimemaliza, na bastola ni yangu, si ya kampuni. Ni Glock 19, mpini wa plastiki kama zote za aina ile.

Shida ni mikono yangu, inatoka jasho tangu utotoni. Bibi alikuwa akinipangusa viganja kwa leso kabla sijaenda chuoni. Sasa Julai, siku ya mtihani wa shabaha, kufika risasi ya nne bastola ilikuwa imeshajizungusha kiganjani, ikawa kila mara nashika upya. Nilipita, lakini kwa shida, na usiku ule sikulala nikiwaza ingekuwaje kama si mtihani.

Wenzangu wawili mipini yao wameipiga stiplingi, yaani imedonolewa kwa ncha ya moto, vitone vitone, hadi ikawa na ukwaruzo. Mmoja kapeleka kwa fundi, mwingine kajifanyia kwenye gereji yake. Fundi niliyemuuliza anataka dola 220 na nisubiri wiki sita. Chuma cha kulehemu dukani ni dola 30. Na nimewaza njia ya tatu: nakuja Lamu kwa Maulidi inshallah. Nikiubeba ule mpini mtupu, bila mtutu, Ami Fundi, mchonga nakshi wetu wa Lamu, hawezi kunitilia nakshi ya nyumbani?

Kutoka: Ami Fundi, Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam mwanangu.

Barua yako nimeisoma baada ya isha. Nianze na hiyo njia ya tatu maana haina subira: usiubebe. Usiutie kwenye begi, usiutume kwa posta, usimpe mtu akuletee. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, fremu ya bastola ndiyo silaha yenyewe. Mtutu na slaidi, kile kipande cha chuma cha juu kinachoteleza, ni vipuri, lakini ile plastiki yenye nambari ndiyo bunduki. Kuitoa nchini bila kufuata sheria ni kosa huko, na huku kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu hata sehemu ya bunduki kuwa bunduki. Utashikwa uwanja wa ndege, na mama yako atakuja Maulidi peke yake. Nakshi nitakuchorea kwenye karatasi, na karatasi haina mpaka.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi humu hawajui kwamba nilikaa Houston miaka 19, na 11 kati ya hiyo nilikuwa kwenye karakana ya silaha. Mwenye karakana aliniajiri kwa sababu nilimwonyesha kijaluba nilichokichonga Lamu nikiwa kijana. Alitazama pembe zake, akaniuliza kama naweza kufanya hivyo kwenye plastiki. Mipini niliyoidonoa siwezi kuihesabu. Lakini wa kwanza kabisa ulikuwa wa bastola yangu mwenyewe, na niliuharibu.

Nitakueleza vipi, kwa sababu kosa lile linarudiwa kila siku. Glock nyuma ya mpini ina kibiongo kinachojaa kiganjani, na mimi nilitaka kukipunguza kabla ya kudonoa. Nikachukua tupa, nikaikwangua plastiki, nikiona raha inavyolainika. Sikujua kwamba nyuma ya kile kibiongo kuna uwazi, ukuta wake si mnene. Ghafla nikaona kitundu kama cha sindano, na ndani yake mwanga wa taa ya mezani. Kitundu chenyewe si cha kuua bastola. Wanaojua hujaza uwazi ule kwa epoksi, gundi inayoganda ngumu, kwanza, ikauke, ndipo wapunguze. Mimi nilijaza baada ya tundu, na alama haikutoka mpaka nilipoiuza.

Kwa hiyo, jambo la kwanza: usipunguze kitu. Wewe shida yako ni jasho, si umbo. Unahitaji ukwaruzo tu.

La pili, kabla ya moto, nunua ile tepu ya kukwaruza inayokatwa kwa umbo la mpini wako. Haifiki dola 25. Ibandike ufanye nayo kazi mwezi mzima. Huenda ukatosheka nayo, mambo yakaisha. Usipotosheka, itazame kabla ya kuibandua: imelika wapi? Pale ilipolika ndipo mkono wako unapobana, na hiyo ndiyo ramani yako. Fundi wa mbali hawezi kukuchorea ramani hiyo hata umlipe mara mbili. Mkono wangu mimi hubana chini ya kidole gumba na kwenye kisigino cha kiganja, mbele kidogo sana. Wako sijui.

La tatu ni mbao za mazoezi. Nilipokuwa mwanafunzi hapa Lamu, mwalimu wangu hakunipa mbambakofi. Alinipa vipande vya mwembe, miezi, mstari mmoja ule ule. Nilikuwa nikilia kwa uchungu wa kuona wenzangu wanachonga milango. Kwako wewe mwembe ni magazini, kile kisanduku cha risasi, ya plastiki ya bei rahisi. Nunua mbili. Zijaze vitone pande zote kabla hujagusa mpini. Plastiki yake si sawasawa na ya Glock, lakini mkono wako utajifunza kushuka na kupanda.

Chuma cha kulehemu cha dola 30 chenye joto moja tu, kiache. Tafuta chenye kidhibiti. Plastiki hizi ni jamii ya nailoni, na nailoni ya kawaida huyeyuka kuanzia nyuzi 220 hivi za Selsiasi. Anza chini, panda kidogo kidogo hadi ncha izame bila kusukumwa na itoke bila kuvuta uzi. Ikivuta uzi kama ubuyu wa kuchemka, joto bado si sawa. Ikitoa moshi na kuacha weusi unaong'aa, umepitiliza. Ncha yenyewe iwe ya mviringo, imepigwa msasa isikate. Gusa, hesabu moja, inua. Kina kisifike milimita. Kila kitone huinua ukingo mdogo kukizunguka, na ni ule ukingo unaoshika mkono, si shimo. Kwa hiyo kitone cha pili kisikanyage ukingo wa kwanza.

Mstari wa mpaka wa eneo la vitone, huo ufanye kwanza. Kazi mbaya huonekana mpakani kabla ya kuonekana katikati. Chora kwa penseli nyeupe, bandika tepu ya karatasi nje ya mstari, kata mfereji mwembamba, kisha donoa kutoka mpakani kuingia ndani. Na usidonoe saa tatu mfululizo. Mkono ukichoka vitone vinaanza kulala upande mmoja, na hutaona hadi kesho yake.

Ukali wake uwe wa jani la msasa, usiwe wa ganda la fenesi. Vijana hupenda fenesi kwa sababu inapendeza pichani. Ukiivaa kiunoni siku nzima inakula bitana ya koti na kukuchubua ubavu. Ukimaliza sugua kwa mswaki mgumu, kisha pitisha msasa laini mara moja, zile ncha kali zivunjike.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi lakini usilifupishe wewe. Risasi zote chumba kingine, mlango umefungwa. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho kisha kwa kidole. Halafu vua slaidi na mtutu, na ukiweza vua vyote vya ndani, triga na kitufe cha magazini pamoja, usije ukayeyushia plastiki kwenye springi. Kibati chenye nambari, kile cha chini mbele, usikisogelee kwa moto. Kuharibu nambari ni kosa la shirikisho hata kama ni bastola yako.

Baada ya yote haya unaniuliza, fundi au wewe? Hii unayoivaa kazini ipeleke kwa fundi. Ni fremu moja, ikiharibika hununui plastiki peke yake, unanunua bunduki, na dhamana ya kiwanda usiitegemee tena. Kazi ya kujifanyia nyumbani inafaa kwa bastola kama SIG P320, ambayo kwake silaha kisheria ni kile kipande cha chuma cha ndani, na mpini ni plastiki tu ya kununua dukani. Ukiuharibu unanunua mwingine. Lakini huyo fundi usimchague kwa bei. Mwombe picha za pembe, pale mistari miwili inapokutana. Na muulize ana leseni ya shirikisho ya kazi za silaha, maana bila hiyo hastahili kupokea silaha yako kwa kazi ya malipo.

Kutoka: Bi Mkubwa, Toronto

Ahsante Ami. Naongeza mawili.

Moshi wa plastiki si wa kuchezea. Mume wangu aliwahi kuyeyusha nailoni jikoni akitengeneza kishikio cha mkoba, kichwa kilituuma wote mpaka asubuhi, na kengele ya moshi ililia jengo zima likatoka nje kwenye baridi. Kama unaishi ghorofani, usifanye ndani. Nje, au gereji iliyo wazi, feni inayosukuma hewa nje, na barakoa yenye mkaa, si ile ya kitambaa. Watoto wawe mbali.

Na wanaosoma wakiwa nchi nyingine wasichukue ushauri huu kama ulivyo. Hapa Kanada kununua au kuhamisha bastola kumesimamishwa kwa raia wa kawaida tangu Oktoba 2022. Uingereza zilipigwa marufuku 1997. Na huko huko Marekani, mwanafunzi au mgeni wa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, hata risasi. Vijana wetu wengine hushikishwa tu bastola ya rafiki uwanjani wapige picha. Muulizeni wakili wa uhamiaji kwanza, picha ile yaweza kukurudisha nyumbani.

Kutoka: Mjukuu wa Nahodha, Columbus, Ohio

Ami, Bi Mkubwa, Mungu awalipe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuja na matokeo. Tepu nimeivaa wiki tano. Imelika mahali pawili tu: chini ya gumba la kulia, na mbele, kidole cha kati kinapokaa. Kisigino cha kiganja hakijaigusa kabisa. Kumbe nilikuwa nashika kwa vidole, kiganja kinaelea. Mkufunzi wa shabaha aliitazama tepu, akanirekebisha mshiko, na mtelezo umepungua nusu kabla ya kitone hata kimoja.

Magazini ya mazoezi nimeijaza. Upande wa kwanza ni aibu tupu, upande wa nne unaanza kusomeka. Bastola nitaipeleka kwa fundi, lakini si yule wa kwanza. Nilimwomba picha za pembe, akanitumia picha za mbali. Nimempata mwingine Cincinnati, leseni yake nimeiona, na amekubali kufuata mchoro wangu.

Ami, nipatie mchoro basi. Mpaka tu, si mpini mzima.

Kutoka: Ami Fundi, Langoni, Lamu

Nimekuchorea asubuhi hii. Ni mpaka wa kibajuni, pembetatu ndogo zinazofuatana na kiduara kila ya saba, kama ulioko juu ya mlango wa babu yako, nyumba ya karibu na kisima. Nilikwenda kuupima kwa uzi ili nisikosee. Uwiano nimeupunguza mara nane.

Mwambie fundi pembetatu zichongwe mfereji tu, zisidonolewe, vidole visikae juu yake. Vitone vianze ndani ya mstari wa pili, na kisigino cha kiganja ukiache kama kilivyo mpaka mkono uzoee mshiko mpya.

Picha nimeiambatisha. Pembe ya chini kushoto wino ulitapakaa. Hapo ni mstari mmoja, si miwili.