Naomba ushauri: jiografia ya Uajemi na Ugiriki ya kale niifundisheje?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia, na wiki ijayo naingia darasani na mada hii. Ugiriki hainisumbui: milima iliwatenga watu mabondeni, miji kama Athens na Sparta kila mmoja ukawa na serikali yake, na kwa kuwa ardhi ya kulima nafaka ilikuwa haba, wengi wakaigeukia bahari. Ninapokwama ni Uajemi. Kule nako kuna milima ya Zagros, tena na majangwa makubwa, lakini mfalme wao Dario wa Kwanza alitawala kote huko, na barabara ya kifalme ikatoka Sardis (magharibi mwa Uturuki ya leo) hadi Susa (kusini-magharibi mwa Iran ya leo), takriban kilomita 2,500. Mbona milima ile haikuwagawa? Aliyewahi kulifundisha hili anisaidie, nianzie wapi?